Upande wa Ukuta

Gari lilizimika katikati ya kilima likiwa na wagonjwa sita wa mapafu ndani. Dada akaliachia lirudi kinyumenyume mpaka chini, akawasha, akajaribu tena. Likapanda kidogo, likakata pumzi. Basi wale wenye nafuu wakashuka wakaanza kupanda kwa miguu kwenda kliniki, mmoja ameshika kuta za nyumba za watu, mwingine ameketi kwenye ngazi ya duka, mdomo wazi. Watu wanakwenda hospitali kwa sababu hawana pumzi, halafu wanapandishwa kilima! Mimi habari hiyo niliipata gereji saa nne asubuhi, na kabla sijaisikia mpaka mwisho nilikuwa nimeshahukumiwa.

"Umeua injini ya dada yako," mjomba alisema. Hata salamu hakuna.

Mjomba ni kaka wa mama, na gereji ni yake. Mimi niliacha shule mapema. Sikufukuzwa, niliondoka mwenyewe, lile dawati lilikuwa linaniuma. Nikaja kwake. Miaka saba sasa. Kila ninachojua kuhusu injini kilitoka mdomoni mwake kikiwa kimechanganyika na matusi.

"Sijaua kitu," nikasema.

"Wiki tatu zilizopita ile injini nyingine aliifunga nani?"

"Mimi."

"Basi."

"Basi nini? Niliifunga ikawaka mara ya kwanza. Wewe mwenyewe ulipiga makofi."

"Nilikuwa naua mbu," akasema, na Cheche, mchomeleaji wetu, akacheka mpaka miwani yake ya kuchomelea ikamshuka puani.

Dada hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya gari lake, funguo mkononi. Ananizidi miaka minane. Tulipofiwa na mama yeye ndiye aliyekuwa ananifunga kamba za viatu na kunizaba makofi, kazi zote mbili alizifanya vizuri. Gari lile ndilo kazi yake. Kila asubuhi anachukua wagonjwa majumbani, anawapeleka kliniki ya juu, anawarudisha.

"Nisikilizeni nyote wawili," akasema. "Msimamizi wa usafiri pale hospitali ameniambia kesho asubuhi. Gari lipande kilima na watu wote ndani, yeye akiwa amesimama juu anatazama. Likikwama, kazi anapewa mwingine. Na huyo mwingine ameshaegesha pale getini, anakula karanga. Kwa hiyo nani kaua nini mtajuana baadaye. Mimi nataka gari."

Mjomba akaingia, akawasha. Injini ikawaka, lakini alipokanyaga mafuta ikanguruma kwa chini kama mtu aliyezibwa mdomo kwa mto. Haipandi. Akanituma nyuma niweke kiganja kwenye bomba la moshi. Kilichotoka ni kipumzi tu, hata vumbi hakisogezi.

"Sega limeziba," mjomba akasema.

Hapo hakukosea. Sega ndilo lile dude la chuma lililo chini ya gari, kati ya injini na sailensa. Ndani lina vitundu vidogo vidogo maelfu, ndiyo maana sisi tunaliita hivyo. Vimepakwa madini ya bei mbaya yanayomalizia kuichoma sumu ya moshi kabla haijatoka nje. Vitundu vikiyeyuka vikashikana, moshi hauna pa kupita. Na injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Ni ugonjwa ule ule wa abiria wake.

"Cheche, andaa mitambo," mjomba akasema. "Tunakata sega, tunakomba vitundu vyote, tunalifunga tupu. Ile sensa ya nyuma tunaivalisha kikofia, isinuse kitu, taa isiwake. Saa saba dada yako anaondoka."

Wanafanya hivyo gereji zote. Hata mimi nimeshafanya. Lakini asubuhi ile nilikuwa bado namwona yule mgonjwa kwenye ngazi ya duka.

"Hapana," nikasema.

Cheche akaacha kuvuta waya. Kwa mjomba neno hilo halitumiki sana.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Sega halijiyeyushi lenyewe. Kuna kitu kimeliyeyusha. Ukilikata umemzika maiti, muuaji bado yumo kwenye boneti. Baada ya miezi miwili injini nayo inakwenda, halafu utasema tena ni mimi."

"Na kwani si wewe?"

"Sijui! Ndiyo maana nataka kutazama. Na jambo la pili, lile ni gari la wagonjwa wa mapafu. Unataka kuwapakia kwenye gari linalotema moshi mbichi?"

Hapo mlango wa mbele wa gari ukafunguliwa, nikashtuka. Sikujua kuna mtu ndani. Alikuwa bibi mmoja mwembamba, kikoti cha sufu na kitambaa kichwani, ambaye dada humwita Bibi wa Mbele kwa sababu hakubali kiti kingine. Alikuwa mshona nguo zamani. Kilima alikuwa ameshindwa kukipanda, na kushuka kwenye gari alikataa, kwa hiyo alivutwa pamoja nalo mpaka gereji. Anaongea vipande vipande, kila kipande na pumzi yake.

"Hilo gari," akasema. "Linanuka. Wiki tatu sasa. Linanuka petroli."

"Bibi, ulikuwa unasema hivyo," dada akasema taratibu.

"Nilikuwa nasema. Na wewe ukaniambia... nina pua ya mjamzito. Kwa umri huu."

Dada akatazama chini. Mimi nikamtazama mjomba.

"Wiki tatu," nikamwambia. "Umesikia? Tangu tubadilishe injini. Nipe mpaka saa nane. Nisipoonyesha kilicholiyeyusha sega, msumeno nitashika mimi mwenyewe, na kesho hapa hamnioni."

"Sitakulilia," mjomba akasema. Lakini akavuta kiti cha plastiki akaketi, na mtu anayeketi ameshakubali.

Injini ile ina silinda sita, tatu huku na tatu huku. Nikafungua plagi zote, moja moja, nikazipanga juu ya kitambaa kwa jinsi zilivyokaa.

Hapa lazima nieleze jambo la gereji yetu. Kwetu hakuna kulia wala kushoto. Mjomba alipiga marufuku maneno hayo kabla sijazaliwa. Anasema mmoja anasimama mbele ya boneti, mwingine amelala chini, mwingine ameketi kwenye usukani, kulia kwa huyu ni kushoto kwa yule, na vitu vinaharibika. Akaweka kanuni yake. Gereji ni ndefu na nyembamba. Ubavu mmoja ni ukuta, ubavu mwingine uko wazi unatazama barabara, na gari huingia kwa mdomo ulio mwishoni, pua mbele, likakaa sambamba na ukuta. Kwa hiyo sisi tunasema ukutani na barabarani. Tukifungua nyaya, kila soketi ya ukutani inafungwa kitambaa chekundu, ya barabarani inaachwa hivyo hivyo. Mteja akisikia "nipe spana ya ukutani" anatuona wendawazimu. Lakini miaka ishirini na tano, mjomba anasema, haijawahi kukosea.

Plagi za ukutani zilikuwa nyeupe kama chaki, zote tatu. Za barabarani zilikuwa nyeusi, zimelowa, masizi unaweza kuandikia barua.

Tukazitazama. Hata Cheche alisogea.

"Nozeli," mjomba akasema. "Nozeli za kupulizia petroli zinavuja."

"Nozeli tatu za upande mmoja zifurike, na tatu za upande wa pili zikauke, siku moja? Zilifanya mkutano?"

"Usinichezee."

"Sichezi. Upande huu unazamishwa kwenye petroli, upande huu unanyimwa. Na anayegawa petroli ni mmoja, kompyuta ya gari. Sasa kompyuta inagawaje? Kwa kunusa."

"Gari linanusa?" Bibi wa Mbele akauliza. Alikuwa ameshageuza miguu nje ya mlango, amekaa vizuri kama mtu aliyekata tiketi.

"Linanusa, bibi. Kwenye kila bomba linalotoka injini kuna sensa moja, kidude kama kidole gumba, kimeingizwa kwenye moshi. Kazi yake kupima oksijeni iliyobaki. Ikibaki nyingi, maana yake petroli ilikuwa ndogo, kompyuta inaongeza. Isipobaki, petroli ilikuwa nyingi, inapunguza. Inafanya hivyo mchana kutwa, ongeza, punguza, ongeza, punguza. Pua ya huku inasema habari za huku, pua ya huku inasema habari za huku."

"Kama zinasema kweli."

"Zinasema kweli, ila labda zinasemea jirani." Nilikuwa nalisema na wakati ule ule nalielewa. "Bibi, chukua mpishi mwenye sufuria mbili. Anaonja hii, anatia chumvi ile. Anarudi kuonja hii, mbona bado haina chumvi? Anatia tena kwenye ile. Mpaka ile inakuwa bahari, na hii bado ni maji matupu. Na yeye anajiona anapika vizuri."

"Nilikuwa na wifi... anapika hivyo," bibi akasema.

"Halafu moshi wa pande mbili unakutana kwenye sega. Huu umejaa petroli isiyoungua, huu umejaa oksijeni iliyobaki. Vinakutana mle ndani ya vitundu na moto upo. Sega linawaka jekundu kama jiko. Litaacha kuyeyuka?"

Nilimwona mjomba anasugua goti, na yeye akisugua goti ameshaanza kuhesabu kitu kichwani.

Nikapiga jeki, nikaweka mihimili, nikaingia chini na tochi mdomoni. Soketi za zile sensa mbili zinaning'inia nyuma ya injini, karibu karibu, waya mrefu, unaweza kuchomeka yoyote kwa yoyote. Nikafuta grisi kwa kidole. Na pale, bado kimefungwa kwa fundo langu mwenyewe, kulikuwa na kitambaa chekundu.

Kilikuwa barabarani.

Nikalala pale chini. Mgongo kwenye saruji, uso kwenye chuma. Nyie hamjui jinsi mtu anavyoweza kukumbuka kitu kizima kwa mara moja. Siku tuliyoitoa injini ya zamani gari lilikuwa limeingia kawaida kama leo, pua ndani. Nikafunga vitambaa. Kesho yake mvua, bati la nyuma likavuja, maji mpaka kifundoni, tukasukuma gari nje, tukahamisha winchi ya minyororo mpaka mdomoni mwa gereji pakavu. Ili injini nyingine ifikie winchi, gari lilibidi liingie matako kwanza. Tukaligeuza pale barabarani, tukasukuma. Na mimi nikachomeka soketi nyekundu ukutani, kama sheria inavyosema. Lakini gari lilikuwa limegeuka, na ukuta ulikuwa pale pale.

Ilikuwa rahisi sana. Nichomoe zote mbili, nizibadilishe, nikate kitambaa, nitie mfukoni. Nitoke niseme soketi ilikuwa imelegea. Hakuna ambaye angeona. Kichwa kilikuwa chini ya gari, na mkono ulikuwa umeshafika.

Nikautoa mkono.

"Mjomba," nikaita. "Njoo chini."

"Mgongo wangu hauji chini. Sema."

"Njoo uone."

Akashuka akilalamika, akatambaa mpaka tukalala bega kwa bega. Nikamulika. Alitazama kitambaa, akageuza shingo akatazama ukuta, akarudi kutazama kitambaa.

"Nani alichomeka?" akasema.

"Mimi."

"Nilisema!" Akaanza kutoka kwa kisigino, sauti inatangulia. "Nilisema tangu asubuhi! Cheche, umesikia? Ni yeye! Amekiri!"

Nikatoka nami, nikasimama, mavumbi mgongoni. Nilikuwa na aibu na nilikuwa na hasira, na kama ilibidi kuchagua nilichagua hasira.

"Ndiyo, ni mimi," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Dada, samahani. Mkono uliokosea ni huu hapa. Na wewe, bibi, samahani, wiki tatu umekuwa unavuta petroli kwa sababu yangu. Lakini mjomba, mkono ni wangu, kanuni ni yako. Ulisema kitambaa chekundu ukutani, nikaweka ukutani. Na gari liligeuzwa kwa amri ya nani? Nani alisimama pale kwenye mvua anapiga kelele, 'Matako kwanza! Matako kwanza!'"

Cheche akajifanya anatafuta kitu kwenye boksi.

"Kanuni yangu ina miaka ishirini na tano," mjomba akasema.

"Na gari lina pande mbili tangu litoke kiwandani! Halijui sisi tuna ukuta! Likienda gereji isiyo na ukuta inakuwaje?"

"Wewe unanifundisha mimi?"

"Leo ndiyo."

"Kwa hiyo," bibi akasema kutoka kwenye kiti chake, akahema, akamalizia, "gari liligeuka... ukuta ndio ukagoma."

Cheche alishindwa. Akatoka nje kabisa kwenda kucheka barabarani.

Dada hakutucheka wala hakutugombeza. Alifunga mikono kifuani. "Mmemaliza? Maana mimi bado sina gari."

Nikarudi chini, nikabadilisha soketi. Nikafuta kumbukumbu ya kompyuta kwa mashine ya kupimia, nikatia plagi mpya, nikawasha. Nikakaa na ile mashine magotini, nasoma namba. Ongeza, punguza, ongeza, punguza, kila upande na lake. Ile harufu ikaanza kuisha. Lakini injini ilikuwa bado imezibwa mdomo, kwa sababu sega lilikuwa limeshakufa. Tukalifungua. Nilipolitikisa halikulia. Nikamulika tochi upande mmoja, upande wa pili haukuonyesha mwanga hata tone. Vitundu vyote vilikuwa vimekuwa jiwe moja jeusi.

"Haya," mjomba akasema, na sauti ilikuwa imeshuka, karibu ya upole. "Muuaji umemtoa, hongera. Sega jipya likiagizwa linachukua wiki. Kesho ni kesho. Kwa hiyo sasa tunakata, sivyo? Injini haitaharibika tena."

Kwa injini alikuwa sahihi. Ungeweza kulikomba sega lile, gari likapanda kilima likiimba. Dada alinitazama. Nilijua akisema kata, nitakata. Gari ni lake.

"Litatema moshi kiasi gani?" akaniuliza.

"Hauonekani. Ndio ubaya wake. Wakati unasubiri kwenye mageti ya watu injini inaunguruma, moshi unaingia kwa chini. Wewe utaumwa kichwa. Wao sijui."

"Wao ndio sita," dada akasema.

Nikageuka. Kwenye kona ya uani, chini ya turubai, lilikuwa limeegeshwa gari la mjomba. Aina ile ile, mwaka ule ule, injini ile ile, ila lake jeusi na halina hata mkwaruzo. Analiosha mwenyewe. Hataki mtu aegemee.

Mjomba akafuata macho yangu.

"Wee!" akasema. "Usithubutu."

"Toa lako."

"Una wazimu."

"Sega lako zima. Nati zile zile, urefu ule ule. Saa mbili, limeingia."

"Na mimi nitembelee nini?"

"Tembelea kanuni yako."

Nilidhani atanipiga. Alikuwa amekunja ngumi kabisa, na mimi sikurudi nyuma, nilisimama pale kidevu mbele kama mjinga. Halafu dada akasema, bila kupandisha sauti:

"Mjomba. Nilipotaka kununua gari, mimi nilikuwa nataka dogo. Nani aliniambia ninunue kama lako?"

Mjomba akageuka kulitazama turubai.

"Ulisema, 'Chukua kama langu, mwanangu, vipuri vitasaidiana.' Nakumbuka mpaka shati ulilokuwa umevaa. Lilikuwa limekosa kifungo."

Mjomba alitazama sega lililokufa pale sakafuni, akalisukuma kidogo kwa ncha ya kiatu. Kisha akatoa funguo mfukoni akanirushia usoni, kweli usoni, nikazidaka kwa bahati.

"Ukikwaruza," akasema, "nitakukwaruza."

Nati za sega la mjomba zilikuwa zimeshika kutu. Tulizipasha moto, tukazipiga, moja ikakatika, Cheche akaitoa kwa moto mdogo huku mjomba amesimama juu yake anasema pole pole, pole pole, kama anatolewa jino yeye. Kabla jua halijazama sega lilikuwa limeingia chini ya gari la dada. Nikakanyaga mafuta. Injini ikapanda, safi, bila kusita, mpaka mikono yangu ikasisimka kwenye usukani. Bibi wa Mbele alikuwa ameshapelekwa nyumbani kwa teksi, lakini aliacha maagizo kwa dada, kesho kiti chake cha mbele kisikaliwe.

Asubuhi nilikaa kiti cha nyuma kabisa kwenye kona na mashine yangu ya kupimia. Dada alisema nikifungua mdomo ananishusha. Wagonjwa sita, dereva, na mimi. Bibi wa Mbele aliingia, akafunga mlango, akavuta hewa kwa pua taratibu, mara mbili. Wote tukamsubiri.

"Hakuna kitu," akasema. "Nanusa... sabuni ya huyu bwana wa nyuma yangu. Basi."

Tukafika chini ya kilima. Na hapo ndipo tuliposikia. Kelele kama trekta tatu zimefungwa pamoja, inatoka nyuma yetu, watu wanafungua madirisha, mbwa wanakimbia. Nikageuka. Lilikuwa gari jeusi, linang'aa, limebaki wazi chini pasipo sega, linapiga ukunga mtaa mzima. Mjomba ameketi wima kwenye usukani, miwani myeusi, anatazama mbele kama kiongozi wa nchi.

"Anafanya nini huyu?" dada akauliza kwenye kioo.

"Anatusindikiza."

"Si angepanda bodaboda?"

"Mjomba? Aseme ametoa sega lake kwa sababu alikosea, halafu apande bodaboda? Bora mji mzima uzibe masikio."

Dada akakanyaga. Nikatazama namba. Ongeza, punguza, ongeza, punguza. Duka lile lenye ngazi likapita. Ukuta wa nyumba za watu ukapita. Mzee mmoja kando yangu alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili kama anayelisukuma gari yeye mwenyewe. Pale lilipokufa jana dada hata hakubadilisha gia. Tukatokea juu, na msimamizi alikuwa amesimama getini na karatasi yake, na kando yake yule mwingine na gari lake, ganda la karanga mdomoni. Dada akashusha kioo.

"Habari za asubuhi," akamwambia msimamizi. "Sita. Wahesabu."

Akawahesabu, akaandika. Akataka kusema kitu lakini mjomba alifika, na kwa ile kelele hakuna aliyemsikia. Alipozima gari, masikio yalibaki yanalia. Bibi wa Mbele alishuka akiwa ameshika mkono wangu.

"Huyo ndiye mpishi?" akaniuliza, akimnyooshea mjomba kidole.

"Mpishi ni mimi, bibi. Yeye ndiye mwenye jiko."

Wiki iliyofuata sega jipya la mjomba liliagizwa, na mpaka lifike mtaa mzima ulijua anapotoka na anaporudi. Kuhusu kanuni hakusema kitu. Kukubali kwake si kwa mdomo. Nilichukua rangi nyeupe, nikaandika kwenye nguzo, herufi za kiganja kizima: KULIA NA KUSHOTO NI KWA DEREVA ALIYEKETI. Aliniambia nifute. Sikufuta. Aliniambia tena. Nikampa kitambaa afute mwenyewe, akakitumia kupangusa mikono.

Siku ya nne tulikuwa tumefungua injini ya lori dogo, yeye chini, mimi juu. Mkono wake ukatokea kando ya gurudumu, kiganja wazi.

"Nipe soketi ya ukutani," akasema.

Nilikuwa nayo mkononi. Nikaendelea kuwa nayo.

"Umelala huko juu? Soketi ya ukutani!"

"Sijui hiyo ni ipi," nikasema.

Nilisikia anapumua chini ya chuma. Cheche alizima moto wake ili asikose. Mkono wa mjomba ulifunga, ukafunguka, ukafunga tena. Mimi nilikuwa na siku nzima.

"Kushoto," akasema mwishowe, kama anatema mchanga.

"Kushoto kwa nani?"

"Kwa dereva! Kwa dereva aliyeketi, mshenzi wewe! Lete!"

Nikampa.